Fuvu la Niassa na Umbo la Ubongo

Mwaka 2013 wanasayansi walitangaza habari ya kustaajabisha kutoka nchi jirani ya Msumbiji. Katika mkoa wa Niassa, ng'ambo ya Mto Ruvuma, yalikuwa yamepatikana mabaki ya mnyama mdogo aliyeishi zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita. Mnyama huyo alipewa jina la Niassodon mfumukasi. Neno la pili ni la Kinyanja, na maana yake ni malkia. Kubwa zaidi ni kwamba wataalamu waliweza kuonyesha umbo la ubongo wake, ingawa ubongo wenyewe ulikwisha kuoza zamani.

Yafaa ieleweke jinsi jambo hilo linavyowezekana. Fuvu huuhifadhi ubongo kama ala ihifadhivyo kisu. Kisu kikipotea, ala hubaki na umbo lake. Mnyama akifa na kufukiwa, tope huingia katika uwazi wa fuvu, nalo baada ya muda mrefu hugeuka jiwe.

Hapo kale, aliyetaka kuuona uwazi huo mara nyingi hakuwa na budi kuliharibu fuvu. Mwaka 1916, Profesa W. J. Sollas wa Oxford, Uingereza, alichapisha uchunguzi wa fuvu la ikthiosauri, mtambaazi wa baharini aliyetoweka duniani. Fuvu lilisagwa tabaka baada ya tabaka, na kila tabaka likanakiliwa. Maarifa yalipatikana, lakini fuvu likawa vumbi.

Siku hizi hutumika miali ya eksirei. Fuvu la Niassa lilipigwa picha mjini Hamburg, Ujerumani, kisha kompyuta ikatenganisha mfupa na jiwe pasipo nyundo. Vikaonekana uwazi wa ubongo, njia za mishipa ya fahamu na ya damu, na sikio la ndani. Kwa mirija ya sikio hilo, wataalamu hukadiria jinsi mnyama alivyousawazisha mwili wake. Hata hivyo tahadhari inatakiwa. Ubongo wa mamba au kasa haulijazi fuvu lake, kwa hiyo uwazi mkubwa si ushahidi wa ubongo mkubwa.

Je, habari hizi zamhusu nini askari? Zamhusu sana. Niassa ni miongoni mwa mikoa ambako FRELIMO ilipigana vita vya ukombozi tangu 1964. Baada ya uhuru wa 1975, nchi hiyo ikakumbwa na vita vya ndani kuanzia 1977 hadi 1992, na askari wa Tanzania walimwaga damu yao huko. Penye milio ya risasi, mtafiti hachimbi.

Tena, kisukuku kinachotoroshwa kwa magendo, bila kuandikwa mahali wala tabaka kilimotoka, hupoteza sehemu kubwa ya ushahidi wake. Sheria ya Msumbiji namba 10 ya mwaka 1988 inaulinda urithi wa aina hiyo. Basi, polisi wa mpakani akikuta ndani ya gunia jiwe lenye mfupa, asilitupe kando ya njia. Na alitunze kama kielelezo chochote cha mahakamani: aandike limetoka wapi, nani alikuwa nalo, na siku gani, kisha alikabidhi kwa wahusika. Huenda jiwe hilo limebeba habari ambazo hazimo katika jiwe jingine lolote.