Mwanga Wasaidia Kutambua Saratani ya Tezi Dume

Saratani ya tezi dume ni miongoni mwa saratani zinazowapata wanaume wengi zaidi nchini Kenya. Mwanamume anayesikia kuhusu mitambo mipya ya kuitambua kwa mwanga huenda akaona heri aisubiri kuliko kudungwa sindano. Kusubiri huko ni hatari. Mitambo hiyo huchunguza vipande vya nyama ambavyo tayari vimetolewa kwenye tezi.

Uchunguzi huanza kwa kipimo cha damu kiitwacho PSA. Kiwango kikiwa juu si lazima iwe saratani, kwani maambukizi au kutanuka kwa tezi uzeeni pia hukipandisha. Daktari akishuku saratani, hutoa kwa sindano vipande vidogo, kwa kawaida 10 hadi 12, kutoka sehemu mbalimbali za tezi.

Katika maabara, vipande hivyo hugandishwa ndani ya nta, hukatwa vyembamba kuliko unywele, huwekwa juu ya kioo na kutiwa rangi. Mtaalamu wa patholojia huvitazama kwa hadubini. Seli zisizo na saratani hujipanga vizuri kuzunguka vifuko vidogo. Za saratani huvuruga mpangilio huo. Kadiri mpangilio unavyovurugika ndivyo alama ya ugonjwa inavyopanda. Utaratibu huu ulianzishwa na daktari Mmarekani, Donald Gleason, katika miaka ya 1960. Siku hizi alama huanzia 6 hadi 10.

Hapo ndipo teknolojia mpya inapoingia. Skana hupiga picha ya kioo kizima na kuituma kwenye kompyuta, hivyo mtaalamu aliye mji mwingine anaweza kuisoma. Mnamo Septemba 2021, Marekani iliidhinisha programu ya akili unde inayoonyesha eneo la kutiliwa shaka katika picha hizo. Hata hivyo, uamuzi wa mwisho hubaki kwa mtaalamu.

Njia nyingine, ambayo bado inafanyiwa utafiti, hutumia leza. Mwanga wake ukigonga nyama, sehemu ndogo hurudi ikiwa imebadilika rangi kulingana na kemikali zilizomo. Badiliko hilo liligunduliwa mwaka 1928 na mwanasayansi wa India, C. V. Raman. Watafiti hulitumia kutofautisha nyama yenye saratani na isiyo nayo.

Mitambo yote hii haiwezi kuona kisichofika maabara. Wanaume waliotimiza miaka 50 wanashauriwa kuzungumza na mhudumu wa afya kuhusu kupimwa. Aliye na baba au ndugu aliyeugua afanye hivyo mapema zaidi. Mwanzoni saratani hii huweza kukosa dalili yoyote, lakini anayekojoa kwa shida au kuona damu kwenye mkojo asikawie kufika hospitalini. Aliyekwisha kutolewa vipande naye arudi kuchukua majibu, kwani majibu yaliyolala kwenye faili hayamtibu mtu.