CHECHE INAPOCHELEWA: KUREKEBISHA TAIMINGI YA GARI LA CHAMA

Miongoni mwa magari makongwe ambayo bado huonekana katika barabara za vumbi za Misungwi, Magu na Sengerema ni Land Rover za petroli zenye injini ya lita 2.25. Injini hiyo ilianza kutolewa mwaka 1958, ikaendelea kufungwa katika magari ya Series III, yaliyotengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985. Gari la namna hiyo huwa limepita mikono mingi. Vyama vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976 na kurudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na mali inapohamishwa hivyo, kitabu cha matengenezo ndicho hupotea kwanza.

Chama chenye gari kama hilo huingia hasara kubwa pale linapokosa nguvu katika msimu wa kununua pamba. Marobota hayasogei, na mkulima aliyekwisha kupima pamba yake hungojea fedha. Katibu naye huletewa hesabu ya kabureta mpya, ya radieta, pengine hata ya kufungua injini yote. Fedha za wanachama hutumika, kisha gari hurudi na ugonjwa uleule, kwa kuwa ulikuwa katika taimingi, yaani wakati wa kutoka kwa cheche.

Yafaa ieleweke kwamba petroli haiwaki yote kwa dakika moja kama baruti. Moto huchukua muda kuenea ndani ya silinda. Kwa hiyo cheche haina budi kutoka kidogo kabla pistoni haijafika juu, ili nguvu ya moto ikamilike pistoni inapoanza kushuka. Injini inapokwenda mizunguko 3,000 kwa dakika, mzunguko mmoja humalizika katika sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Ndiyo maana ndani ya distributa mna vizito vidogo vinavyofunguka kwa kasi na kuiwahisha cheche kadiri injini inavyokwenda mbio.

Cheche ikichelewa, moto huendelea kuwaka pistoni ikiwa imekwisha kushuka. Joto huishia katika kuta za silinda na valvu za kutolea moshi badala ya kusukuma gari. Dalili zake ni gari kuchemsha ingawa radieta ni safi, kushindwa na vilima, kula petroli nyingi na milipuko katika ekzosi. Cheche ikiwahi mno, injini hugonga kwa sauti kali kama ya kokoto ndani ya debe, hasa ikibeba mzigo, na mkono wa kuanzishia huweza kurudi nyuma ghafla. Mtu ameweza kuvunjika mkono kwa sababu hiyo. Kidole gumba kiwekwe upande mmoja na vidole vingine. Kugonga kukipuuzwa, pistoni hutoboka.

Kosa la kawaida la mafundi wa haraka ni kuzungusha distributa kabla ya kutazama pointi. Kisigino cha pointi hulika polepole, nafasi yake hupungua, na kila inavyopungua cheche huchelewa zaidi. Mabadiliko hayo huja kwa miezi, hivyo dereva huyazoea na kusema gari limezeeka. Kwa distributa za Lucas za injini hii nafasi ni inchi 0.014 hadi 0.016, pointi zikiwa zimefunguka kabisa. Pointi zilizoungua na kufanya shimo zibadilishwe pamoja na kondensa. Baada ya hapo ndipo taimingi itegwe, maana kugusa pointi ni kugusa taimingi.

Plagi zote zitolewe ili injini izunguke kwa wepesi. Fundi azibe tundu la silinda ya kwanza kwa kidole, azungushe injini kwa mkono upande wake wa kawaida hadi hewa isukume kidole. Hatua hii isirukwe: pistoni hufika juu mara mbili, na mara moja tu ndiyo ya kuwasha. Aendelee taratibu hadi alama ilingane na kipimo. Katika injini nyingine alama ipo kwenye puli ya mbele, katika nyingine kwenye gurudumu zito la nyuma. Idadi ya digrii ifuate kitabu cha injini yenyewe, kwani zilitengenezwa zenye mgandamizo wa 7 kwa 1 na wa 8 kwa 1, na hazitegwi sawasawa.

Balbu ndogo ya volti 12 iunganishwe kati ya waya mwembamba wa distributa na bodi ya gari, swichi ikiwa imefunguliwa. Pointi zikiwa zimefunga, balbu huzimika. Zikifunguka tu, huwaka. Distributa izungushwe polepole hadi balbu iwake pale pale alama zinapolingana, kisha ikazwe. Kuizungusha kinyume cha mwendo wa rota huwahisha cheche, na kufuata mwendo wa rota huichelewesha. Mpangilio wa nyaya za plagi ni 1, 3, 4, 2.

Balbu ikiwaka mahali tofauti kila mara, shafti ya distributa imelegea katika bushi zake, na hakuna utegaji utakaodumu.

Kipimo cha kitabu ni mwanzo tu. Mwanza ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini hugonga kwa shida kidogo kuliko Dar es Salaam. Kwa upande mwingine, petroli yenye risasi, iliyosaidia kuzuia kugonga, iliondolewa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa mwaka 2006, na petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa hugonga upesi. Kwa hiyo gari lijaribiwe likiwa na mzigo, kwenye mwinuko, katika gia ya juu. Likigonga kidogo na kunyamaza, inatosha. Likiendelea kugonga, cheche icheleweshwe kidogo na lijaribiwe tena.

Katibu aandike kitabuni tarehe, nafasi ya pointi, digrii zilizotegwa na kilometa za siku hiyo. Nafasi ipimwe upya baada ya kilometa 5,000, na grisi kidogo, kama punje ya mtama, ipakwe kwenye kemu ya distributa. Ikizidi huruka kwenye pointi na kuzima cheche kabisa.