Pikapu yako inatetemeka mbele? Tafuta chanzo kabla ya kununua spea

Pikapu nyingi zinazofanya kazi kati ya Nakivale na mji wa Mbarara ni za zamani. Zinabeba matoke, mahindi, mbao na saruji, na usiku zikihitajika zinabeba mgonjwa. Wenye magari haya, wakimbizi na wenyeji, wana lalamiko moja wanalolirudia: magurudumu ya mbele yanatetemeka na usukani unacheza mikononi.

Kwenye barabara ya vumbi si rahisi kugundua tatizo hili, kwa sababu kila kitu kinatikisika na mwendo ni mdogo. Gari likiingia kwenye lami ya Mbarara–Kikagati na dereva akiongeza mwendo, ndipo ugonjwa unapojitokeza.

Kosa linalokula pesa nyingi ni kuanza na spea. Mtu ananunua shokapu, halafu matairi, halafu anamlipa fundi mara ya pili, na gari bado linatetemeka. Kumbuka kwamba si kila homa ni malaria. Kabla ya dawa, pima.

Linatetemeka wakati gani?

Hili ndilo swali la kwanza. Jibu lake litakuelekeza mahali pa kuangalia.

1. Likifika mwendo fulani kwenye lami. Gari liko sawa hadi kilomita 70 au 80 kwa saa, kisha usukani unaanza kutetemeka. Ukiongeza au kupunguza mwendo, hali inapungua. Mara nyingi chanzo ni gurudumu lisilo na balansi. Kile kipande kidogo cha risasi kinachobandikwa kwenye rimu kimedondoka, au matope yamekauka ndani ya rimu, au rimu imepinda kwa kugonga shimo.

2. Kwenye mwendo mdogo. Kati ya kilomita 15 na 40 kwa saa, pua ya gari inayumba kushoto na kulia. Shuku tairi lililoachana ndani, yaani nyuzi zake za waya zimetengana na mpira. Utaliona lina uvimbe au limepinda juu ya uso wake. Tairi kama hilo linaweza kupasuka wakati wowote. Litoe leo, hata kama kashata zake bado ni nzuri.

3. Ukikanyaga breki tu. Ukiachia, mtetemo unaisha. Tatizo liko kwenye diski za breki za mbele, ambazo zimeisha bila usawa au zimepinda. Mtetemo ukisikika zaidi kwenye kiti kuliko kwenye usukani, angalia ngoma za breki za nyuma.

4. Baada ya kugonga shimo au tuta. Usukani unaanza kupiga kushoto na kulia kwa nguvu na hauachi mpaka upunguze sana mwendo. Hii ni hali ya hatari kuliko zote. Inatokea hasa kwenye pikapu zenye ekseli nzima mbele, kama Toyota Hilux za zamani za 4x4 na Land Cruiser. Kuna kiungo kilicholegea: beringi za kingpini, tairodi au bushi.

Mambo ya kuangalia bila kulipa kitu

Anza na nati za magurudumu. Nati zilizolegea hutikisa gari, na gurudumu linaweza kuchomoka njiani. Zikaze kwa kuvuka, moja juu kisha ile ya upande wa pili, si kwa kuzunguka mfululizo. Kila ukitoa gurudumu, zikaze tena baada ya kuendesha kilomita 50 hadi 100.

Pima upepo asubuhi kabla gari halijatembea, kwa sababu tairi lenye joto hutoa kipimo cha uongo. Matairi mawili ya mbele yawe na upepo sawa. Osha rimu kwa ndani na utoe matope yote.

Kisha badilisha magurudumu: ya mbele yapeleke nyuma, ya nyuma yalete mbele, mradi yawe ya saizi moja na hakuna lenye uvimbe. Endesha njia ile ile kwa mwendo ule ule. Mtetemo ukihama kutoka kwenye usukani kwenda kwenye kiti, tatizo ni tairi, rimu au balansi. Ukibaki palepale kwenye usukani, tafuta kwenye viungo vya mbele.

Kupima viungo kwa jeki

Egesha mahali tambarare na pagumu. Vuta handbreki, weka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma. Inua upande mmoja wa mbele, kisha weka stendi au gogo imara chini ya ekseli. Usitumie matofali, yanavunjika ghafla. Usiingie kamwe chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Shika tairi juu na chini, ulisukume na kulivuta. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki huku wewe unaendelea kutikisa. Mchezo ukiisha, beringi ya gurudumu imelegea. Mchezo ukibaki, ni kingpini, au boljointi kwa magari yasiyo na ekseli nzima mbele.

Sasa lishike kushoto na kulia. Likicheza upande huu tu, angalia tairodi. Njia nzuri ya kuhakikisha ni kushusha gari chini, mwenzako azungushe usukani kidogo kidogo kushoto na kulia injini ikiwa imezimwa, na wewe utazame kila kiungo kutoka mbele. Kile kinachochelewa kufuata chenzake ndicho kilichochoka.

Mwisho, ukiwa umeinua tena, zungusha gurudumu kwa mkono. Weka kijiti kikiwa kimesimama karibu na rimu bila kuigusa. Rimu iliyopinda itakisogelea na kukikimbia. Ukisikia mkwaruzo, huenda beringi imekufa.

Kwa Hilux na Land Cruiser zenye ekseli nzima, tazama pia lile tufe la chuma nyuma ya gurudumu. Ukiona grisi iliyochanganyika na oili inachuruzika mpaka ndani ya tairi, sili ya ndani imekwisha. Oili ya difu inaosha grisi ya beringi za kingpini, nazo zinakufa mapema. Beringi hizo zikilegea kidogo, mkono hauwezi kuhisi, lakini barabarani usukani utapiga.

Usifiche ugonjwa kwa shokapu ya usukani

Baadhi ya magari yana shokapu ndogo iliyolala karibu na tairodi. Kazi yake ni kupunguza mapigo ya barabara. Ukiweka mpya, mtetemo unaweza kupungua kwa muda, na utafikiri umepona. Lakini kingpini au tairodi iliyolegea inaendelea kulika. Tengeneza kiungo kwanza, shokapu iwe ya mwisho.

Fundi anasema rotili, muuzaji anasema boljointi

Katika makazi yetu mafundi wametoka nchi mbalimbali. Waliojifunza kazi Kongo au Burundi hutumia majina ya Kifaransa: janti ni rimu, rulima ni beringi, amotisa ni shokapu, vola ni usukani. Rotili ndilo linaloleta hasara zaidi, kwa sababu linaweza kuwa boljointi au tairodi endi. Ukienda dukani Mbarara au ukiagiza kutoka soko la Kisekka, Kampala, usitegemee jina. Beba spea ya zamani mkononi, au itume na dereva, pamoja na modeli na mwaka wa gari.

Ukinunua tairi, jipya au lililotumika, soma tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT ubavuni. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kung'aa na kumbe limekaa miaka mingi juani.

Likianza kutetemeka ukiwa njiani

Shika usukani kwa mikono miwili bila kupigana nao. Ondoa mguu kwenye mafuta na uache gari lipungue lenyewe. Usikanyage breki kwa nguvu na usikate kona ghafla. Gari likitulia, toka barabarani, shusha abiria waliokaa nyuma, kisha kagua nati na matairi.

Kama linatetemeka namna ile ya nne, lisibebe watu mpaka litengenezwe. Mtu aliyekaa juu ya magunia hana mkanda wala mahali pa kujishikilia. Abiria nao wana haki ya kumuuliza dereva kabla ya kupanda, na dereva mwema hatakasirika akiulizwa.

Ukienda gereji, mweleze fundi mambo matatu: linatetemeka kwa mwendo gani, unausikia kwenye usukani au kwenye kiti, na lilianza baada ya nini. Mwombe akuonyeshe kwa macho kiungo kinachocheza kabla hujatoa pesa ya spea.