Skuli Hazijengwi kwa Bajeti ya Mwaka Mmoja

Tarehe 23 Septemba, 1964, miezi minane baada ya Mapinduzi, Mzee Abeid Amani Karume alitangaza kwamba elimu katika Zanzibar itatolewa bila ya malipo. Tangazo lile liliwafungulia mlango watoto wa wakulima na wakwezi ambao hadi siku hiyo walikuwa wakiisikia skuli kwa jirani. Lakini haki ya kusoma haitimii kwa tangazo peke yake. Hutimia pale mtoto anapoingia katika chumba chenye paa lisilovuja, akapata dawati la kukalia na choo cha kujisitiri.

Tuangalie hesabu. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu 354,815 katika Unguja na Pemba. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,303,569, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu 1,889,773. Maana yake ni kwamba katika miaka kumi tu tumeongezeka kwa watu 586,204, na ongezeko hilo peke yake ni kubwa kuliko Wazanzibari wote waliohesabiwa mwaka 1967. Kasi hiyo ni ya asilimia 3.7 kwa mwaka, na ikiendelea hivyo hivyo, idadi yetu itakuwa maradufu katika muda wa miaka 19 hivi.

Mtoto aliyezaliwa mwezi wa Agosti, 2022, na akahesabiwa akiwa mikononi mwa mama yake, atatimiza umri wa miaka sita mwaka 2028. Sheha anaijua nyumba yao, na Serikali inayo idadi ya wenzake. Hatuwezi kusema kuwa mtoto huyo ametujia kwa ghafla. Ikiwa siku ya kwanza ya skuli atalazimika kukaa sakafuni, lawama isitupiwe kudra. Itakuwa ni matokeo ya sisi wakubwa kutopanga.

Hapana budi kutoa sifa panapostahiki. Kwa miaka mingi wananchi wa Visiwa hivi wamejitolea kuchimba misingi, kubeba mawe na kunyanyua kuta za madarasa hadi kwenye linta, na Serikali ikaja kuezeka na kumalizia. Katika miaka ya karibuni zimejengwa skuli za ghorofa mjini na mashamba. Huo ni uamuzi wa busara, kwani kisiwa cha Unguja hakifiki kilomita za mraba 1,700, na Pemba haifiki 1,000. Ardhi haiongezeki kama wanavyoongezeka watu.

Hata hivyo, mikondo miwili, wa asubuhi na wa mchana, ambayo skuli zetu nyingi zimeizoea kwa miaka mingi, inatukumbusha kwamba mara nyingi tumejenga kwa kuwakimbilia watoto waliokwisha kufika mlangoni. Ni wajibu wetu sasa kuwatangulia.

La kwanza ni ardhi. Kila mtaa mpya unapopimwa, kiwanja cha skuli kitengwe kabla ya nyumba ya kwanza kujengwa, na kilindwe. Kiwanja kikimegwa leo kwa ajili ya duka moja, kesho kitamegwa kwa ajili ya jengine, na baada ya miaka ishirini watoto watapelekwa mbali kwa sababu karibu hapana tena mahali.

La pili ni matunzo. Hewa yetu ni ya bahari. Chumvi hula bati, na mchanga wa pwani ukitiwa katika zege hula nondo kimya kimya mpaka ukuta upasuke. Jengo la ghorofa nalo lina mahitaji yake: pampu ya kupandisha maji, mabomba ya vyoo, ngazi na umeme. Tarehe 25 Disemba, 2020, sehemu ya Beit-el-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Ikiwa jumba la fahari kama lile, linalojulikana ulimwenguni, liliweza kutufikisha hapo, ni nani atakayeikumbuka skuli ya kijijini yenye paa linalovuja kila masika?

La tatu ni daftari. Kila wilaya iwe na orodha ya majengo yake yote ya skuli: limejengwa lini, limetiwa rangi lini, vyoo vingapi vinafanya kazi, na watoto wangapi wanatarajiwa katika miaka kumi ijayo. Daftari hilo lisomwe mbele ya wananchi, siyo kufungiwa kabatini.

Atatokea wa kusema kwamba fedha ni chache, na kwamba mtoto aliyekaa sakafuni leo hawezi kungojea mpango wa miaka ishirini. Kauli hiyo ina haki yake, na hapana anayetaka ujenzi usimame. Lakini mwenye fedha chache ndiye anayehitaji zaidi kuhesabu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika jambo hili maneno yao ni hesabu ya kweli ya saruji na mabati.

Sisi wa Chama tunapenda sherehe za ufunguzi, na siyo vibaya kushangilia kazi njema. Lakini kabla ya utepe kukatwa, na kaulizwe swali moja mbele ya wananchi: mwaka wa kumi, fedha za kulitengeneza jengo hili zitatoka katika fungu gani? Kiongozi asiyekuwa na jibu bado hajamaliza kujenga.

Tuliosomea chuoni juu ya mkeka tulifundishwa tangu utotoni kwamba amana hurejeshwa kwa mwenyewe, nayo ni nzima. Mwenyewe wa skuli hizi ni yule mtoto wa mwaka 2028, na baada yake ni mtoto wake.