Kabla Hujatuma Pesa ili "Uwe Namba Moja" Google

Una tovuti ya kuuza viatu, halafu unapata meseji: "Tuma 5,000 tukuweke namba moja Google." Usitume. Google haiuzi nafasi kwenye matokeo ya kawaida, na yenyewe huonya kwamba hakuna anayeweza kukuhakikishia nafasi ya kwanza.

Kinachouzwa ni matangazo. Nafasi hizo hushindaniwa kwa mnada kila mtu anapotafuta kitu, na kwa kawaida unalipa tangazo likibonyezwa, mtu anunue asinunue.

Sasa piga hesabu. Tuseme kila mbonyezo ni Sh20 na bajeti yako ya siku ni Sh500. Hao ni wageni 25. Akinunua mmoja tu, na faida yako kwa jozi ni Sh300, umepoteza Sh200. Tena kuna siku Google inaweza kutumia hadi Sh1,000, mara mbili ya bajeti, ingawa kwa mwezi haitazidi Sh15,200. Kwa hivyo usiguse pesa ya stoki.

Anza na ya bure. Andika maneno ambayo wateja wenyewe hutumia, kama "viatu vya shule Nakuru". Hakikisha ukurasa unafunguka haraka kwa simu. Kama una duka, lisajili kwenye ramani ya Google. Search Console, pia bure, itakuonyesha watu walitafuta nini wakakupata.

Pesa ikishatoka kwa simu, kuirudisha ni kazi. Uliza kwanza: hapa nanunua nini hasa?