Dawa Mseto: Kwa Nini Siku Tatu?

Wengi wetu tukimeza dawa mseto ya malaria, homa ikishuka kesho yake, vidonge vilivyobaki huwekwa kabatini. Hiyo ni hatari.

Ndani ya kidonge cha ALu mna dawa mbili. Ya kwanza hutokana na artemisinini, iliyotengwa na kundi la Bibi Tu Youyou huko China mwaka 1972. Huua vijidudu kwa kasi, lakini baada ya saa chache huisha mwilini. Ya pili, lumefantrini, hubaki siku kadhaa ikimalizia masalia. Ukikatiza dozi, masalia hayo huzaana.

Tayari watafiti wameona vijidudu vinavyochelewa kufa nchini Rwanda, Uganda na Tanzania. Klorokwini ilikwisha tuponyoka. Basi tumalize dozi.