Niliua nyuki, matikiti yakanigomea

Baada ya kuacha chuo niliingia kwa kilimo cha matikiti huko Kibwezi, na pesa ya mkopo. Maua yalipojaa shamba, kila siku saa mbili asubuhi nilikuwa napiga dawa ya wadudu, najiona mkulima kabisa. Wacha vitikiti vianze kunyauka na kudondoka vikiwa saizi ya yai! Vilivyobaki vilipinda kama vibuyu.

Susu wa shamba jirani aliniuliza tu, "Mjukuu wangu, nyuki wako wapi?"

Kumbe ua la kike la tikiti hufunguka siku moja pekee. Chavua ya lile la kiume inanata, upepo hauibebi. Ni nyuki waipeleke, tena safari nyingi, hasa asubuhi. Saa zangu za dawa.

Siku hizi napiga jioni, maua yakishafunga. Mkopo bado nalipa.